Muziki mfukoni: Amplifaya hubadilishwa, sikio halibadilishwi

Karibu na kituo cha metro cha Porte de Namur mjini Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, upo mtaa wa Matonge, uliopewa jina la mtaa mashuhuri wa Kinshasa. Wakongo, Wanyarwanda, Warundi na Waafrika wengine hufika hapo kusuka nywele, kununua muhogo na samaki wakavu, na kukutana na watu wa nyumbani.

Muziki wa nyumbani nao uliwafuata huko. Ulikuja kwanza katika santuri, ukaja katika kaseti, kisha katika sidii. Leo wengi huusikiliza kwa simu tu. Hata hivyo, wapo wapenzi wa muziki ambao simu haiwatoshi. Hao hubeba chombo cha pili mfukoni, yaani kicheza muziki cha ubora wa juu, ambacho amplifaya yake yaweza kufunguliwa na kuwekwa nyingine.

Bei ya chombo cha namna hiyo mara nyingi huipita bei ya simu nzuri. Swali linaloulizwa na wengi ni hili: fedha hizo humwongezea msikilizaji nini hasa? Jibu linapatikana kwa kuifuata sauti kutoka kwenye rekodi hadi sikioni, na Brussels imehusika na safari hiyo mwanzo hadi mwisho.

Chombo chenyewe kinafanyaje kazi?

Kicheza muziki chochote cha kidijitali hufanya kazi tatu. Kwanza husoma faili, ambalo kwa hakika ni mfululizo mrefu wa tarakimu. Pili, chipu maalum huzigeuza tarakimu hizo kuwa umeme unaopanda na kushuka kama mawimbi ya sauti. Tatu, amplifaya huuongezea nguvu umeme huo ili uweze kuzitetemesha spika za masikioni.

Simu nayo hufanya kazi hizo hizo, lakini katika nafasi finyu na kwa betri inayohudumia mambo mengi. Tena, tangu kampuni ya Apple ilipoondoa tundu la spika za masikioni katika iPhone 7 mwaka 2016, na watengenezaji wengi wengine kuifuata, kazi ya pili na ya tatu mara nyingi hufanyika nje ya simu, ndani ya spika zisizo na waya au katika kipande kidogo kinachochomekwa.

Watengenezaji wa vicheza muziki walichukua njia nyingine. Kampuni ya FiiO ya Guangzhou, China, ilitoa chombo kiitwacho X7 mwaka 2015. Kampuni ya iBasso, nayo ya China, ilitoa DX200 mwaka 2017. Katika vyote viwili amplifaya ni kipande kinachokaa upande wa chini, kikishikiliwa na skrubu ndogo. Mwenye chombo hukizima, hulegeza skrubu kwa bisibisi, huchomoa kipande kilichopo na kuweka kingine.

Mwaka 2019 kampuni ya Cayin ilikwenda mbali zaidi kwa chombo chake cha N6ii. Humo kipande kinachobadilishwa hubeba amplifaya pamoja na chipu ya kugeuza tarakimu, hata mwenye nacho akaweza kubadilisha karibu njia nzima ya sauti huku akibaki na kioo, betri na kumbukumbu ile ile.

Kwa nini mtu awe na amplifaya zaidi ya moja?

Sababu kubwa ni kwamba spika za masikioni hazifanani. Zipo ndogo, za kuingizwa ndani ya tundu la sikio, ambazo ukinzani wake wa umeme huwa aghalabu kati ya omu 16 na 32. Hizo huhitaji nguvu kidogo sana. Zipo pia hedifoni kubwa za studio, kama vile Sennheiser HD 650, zenye ukinzani wa omu 300, zinazohitaji volti nyingi zaidi ili zitoe sauti ya kutosha.

Mfano wake ni umwagiliaji. Shamba la ekari kadhaa huhitaji pampu yenye nguvu, lakini pampu hiyo hiyo ikielekezwa kwenye kitalu cha miche itang'oa kila kitu. Kwa miche kopo la maji latosha, na tena hufanya kazi vizuri zaidi.

Amplifaya yenye nguvu nyingi, ikiunganishwa na spika ndogo zinazohisi kila kitu, huweza kuleta mvumo wa chini chini kama upepo, unaosikika hasa pale wimbo unaponyamaza. Aidha, msikilizaji hubaki na nafasi ndogo ya kurekebisha sauti, kwani hatua moja tu ya kitufe huifanya iwe kubwa mno. Kwa upande mwingine, amplifaya dhaifu ikipewa hedifoni nzito huishiwa nguvu pale ngoma na besi zinapoingia kwa pamoja, na muziki ukasikika umesinyaa au una mikwaruzo.

Kwa hiyo, mwenye hedifoni kubwa nyumbani na spika ndogo za safarini anaweza kuwa na sababu ya kweli ya kumiliki vipande viwili. Mwenye spika za aina moja tu huhitaji kipande kimoja kinachozifaa. Amplifaya mbili zilizotengenezwa vizuri, zikipewa spika zinazoziweza zote mbili na zikisawazishwa kwa kiwango kimoja cha sauti, hutofautiana kidogo sana. Mara nyingi ile inayosifiwa kuwa bora ni ile iliyokuwa ikipiga kwa sauti kubwa zaidi.

Pale amplifaya inapokuwa sehemu ya muziki

Ipo hali moja ambapo amplifaya hubadilisha kila kitu, nayo ni pale inapotumiwa na mwanamuziki mwenyewe. Kundi la Konono Nambari 1 la Kinshasa, lililoasisiwa na marehemu Mingiedi Mawangu, lilihitaji kuzifanya likembe zisikike katikati ya kelele za jiji. Likembe ni ala ndogo ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, ambayo Tanzania ina ndugu yake aitwaye ilimba. Wanamuziki hao walitengeneza vinasa sauti kwa sumaku zilizotolewa katika vipuri vya magari chakavu, wakaviunganisha na amplifaya zao.

Matokeo yake yalikuwa sauti yenye mikwaruzo mikali, ambayo badala ya kuondolewa ilikubaliwa kuwa nakshi ya muziki wenyewe. Kampuni ya Crammed Discs ya mjini Brussels iliitoa albamu yao ya Congotronics mwaka 2004, na ikawafikisha kwa wasikilizaji wa Ulaya na Marekani.

Kwa anayesikiliza albamu hiyo, kazi ya kicheza muziki ni kuifikisha mikwaruzo ile kama ilivyo. Akisikia mikwaruzo akadhani chombo chake ni kibovu, akaenda kununua kipande kingine, atakuwa amepoteza fedha zake bure. Ni lazima kujua kwanza rekodi yenyewe ina nini.

Tarakimu za ubora wa juu zina maana gani?

Sidii huhifadhi sauti kwa kuipima mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Nadharia ya hisabati inaonyesha kwamba vipimo hivyo vyatosha kuhifadhi mitetemo ya hadi takriban 22,000 kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya husikia hadi karibu 20,000, na kiwango hicho hushuka kadiri umri unavyosonga. Biti 16 nazo hutoa tofauti ya takriban desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa.

Faili za ubora wa juu hupima mara 96,000 au hata 192,000 kwa sekunde, kwa biti 24. Kwa hesabu, tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa hufikia desibeli 144, ambayo ni zaidi ya inayoweza kupatikana katika chumba chochote cha kawaida.

Je, sikio hutambua nyongeza hiyo? Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, Meyer na Moran, walichapisha jaribio ambalo wasikilizaji walitakiwa kutofautisha rekodi za ubora wa juu na rekodi hizo hizo zilizopitishwa katika kiwango cha sidii. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276, yaani karibu nusu, sawa na mtu anayerusha sarafu.

Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London aliyakusanya pamoja matokeo ya tafiti 18. Alipata kwamba majibu sahihi yalikuwa asilimia 52.3, na yalifikia karibu asilimia 60 kwa waliopewa mafunzo kabla ya jaribio. Kwa hiyo tofauti huenda ipo, lakini ni ndogo, na huhitaji sikio lililofunzwa na mahali penye utulivu.

Tofauti kubwa zaidi iko kwingine, kati ya faili lililobanwa kupita kiasi na faili kamili. Wimbo uliopunguzwa mno ili upite upesi katika simu hupoteza matoazi, pumzi za mwimbaji na mwangwi wa ukumbi. Kilichotupwa wakati wa kubana faili hakirudishwi na amplifaya yoyote.

Kila kitu huanza na rekodi

Mwezi Januari mwaka 1960, wanasiasa wa Kongo na serikali ya Ubelgiji walikutana mjini Brussels katika Mkutano wa Meza ya Duara kujadili uhuru. Kundi la African Jazz la Joseph Kabasele, maarufu kama Grand Kallé, lililetwa kuwatumbuiza. Hapo ndipo ulipozaliwa wimbo wa Indépendance Cha Cha, uliosikika katika redio za bara zima kabla na baada ya Kongo kupata uhuru tarehe 30 Juni mwaka huo.

Wimbo huo ulirekodiwa kwa mitambo ya wakati wake. Faili lake likiandikwa kwa vipimo 192,000 kwa sekunde, halitaongeza sauti ambayo maikrofoni ya mwaka 1960 haikuinasa. Kinacholeta tofauti ni faili hilo kunakiliwa kutoka wapi: katika utepe wa awali uliotunzwa vizuri, au katika santuri iliyochakaa kwa kupigwa kila siku.

Kaseti nayo ina uhusiano na Ubelgiji. Ilibuniwa katika kiwanda cha Philips mjini Hasselt, na timu iliyoongozwa na Lou Ottens, ikaonyeshwa kwa umma mjini Berlin mwaka 1963. Taarab, muziki wa dansi, ngoma za harusi na mawaidha ya Afrika Mashariki vilisambaa kwa kaseti kwa zaidi ya miongo miwili. Kaseti ya kawaida hutoa tofauti ya desibeli 50 hadi 60 tu kati ya sauti ndogo na kubwa, lakini kwa rekodi nyingi hakuna nakala nyingine iliyobaki.

Hapo ndipo ubora wa juu unapokuwa na kazi isiyobishaniwa. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, kinapendekeza rekodi za kale zinakiliwe kwa vipimo visivyopungua 48,000 kwa sekunde na biti 24, na huona 96,000 kuwa bora zaidi. Sababu ni kwamba utepe huoza, na pengine nafasi ya kuunakili ni moja tu. Fundi wa kesho atahitaji kila chembe ya sauti, pamoja na kelele zenyewe, ili aweze kuusafisha muziki bila kuujeruhi.

Huko Tervuren, nje kidogo ya Brussels, Jumba la Makumbusho la Kifalme la Afrika ya Kati limehifadhi rekodi za muziki wa Kongo, Rwanda, Burundi na nchi jirani, zikiwemo silinda za nta za mwanzoni mwa karne ya 20. Katika miaka ya 2000 jumba hilo lilianza kuzigeuza kuwa za kidijitali kupitia mradi ulioitwa DEKKMMA. Mwaka 2021 nakala za nyimbo za asili zaidi ya 4,000 zilikabidhiwa kwa Rwanda.

Wengi walioimba katika rekodi hizo walifariki bila kuzisikia. Kwa wajukuu wao, nakala safi inayofika Huye au Bukavu na kuchezwa kwa simu ya bei nafuu ina thamani kubwa kuliko chombo cha anasa kisicho na kitu cha kupiga.

Maisha ya kila siku na chombo hiki

Anayekinunua huona upesi kwamba chombo hiki kina masharti yake. Ni kizito kuliko simu nyingi, hupata joto, na amplifaya yenye nguvu humaliza betri mapema kuliko ile ndogo. Vipande vya akiba na skrubu zake hupotea kwa urahisi katika mkoba wa safari.

Nafasi ya kuhifadhi nayo huisha haraka. Wimbo wa dakika tano uliobanwa kwa kiwango cha chini huchukua takriban megabaiti 5. Kwa kiwango cha sidii bila kubanwa huchukua zaidi ya megabaiti 50, na kwa vipimo 192,000 na biti 24 hukaribia megabaiti 350. Mfumo wa FLAC, uliotolewa mwaka 2001, hupunguza ukubwa huo bila kupoteza chochote, lakini kwa anayenunua vifurushi vya intaneti Mwanza au Kisangani gharama bado ni kubwa.

Ndani ya metro au tramu ya Brussels, tofauti ndogo kati ya amplifaya moja na nyingine humezwa na mngurumo wa magurudumu. Kinachomsaidia msafiri hapo ni spika zinazoziba sikio vizuri na kuzuia kelele za nje.

Betri ni jambo jingine. Mara nyingi amplifaya hubadilishwa kwa dakika mbili, ilhali betri imefungiwa ndani. Ikichoka, chombo kizima huwekwa kando. Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kwamba, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa katika hali maalum. Nyingi za betri hizo hutumia kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Sikio halina kipande cha akiba

Mwaka 2008 kamati ya wanasayansi inayoishauri Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya mjini Brussels ilitoa onyo. Ilisema kwamba asilimia 5 hadi 10 ya wanaosikiliza vicheza muziki wako hatarini kupoteza usikivu moja kwa moja, iwapo watasikiliza kwa sauti kubwa zaidi ya saa moja kwa siku, kila wiki, kwa muda wa miaka mitano au zaidi.

Kutokana na onyo hilo, viwango vipya vya Ulaya vilianza kutumika mwaka 2013. Vilitaka chombo kianze na kiwango cha kawaida cha desibeli 85. Msikilizaji huweza kukipita hadi kikomo cha 100, lakini baada ya kuonyeshwa onyo, nalo hurudiwa kila baada ya saa 20 za kusikiliza.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba vijana bilioni 1.1 duniani wamo katika hatari ya kuharibu usikivu wao kwa sababu ya namna wanavyosikiliza. Shirika hilo na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU, baadaye yalipendekeza kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa watu wazima. Kila desibeli tatu zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, mtu anayesikiliza kwa desibeli 90 humaliza kipimo chake cha wiki nzima kwa saa nne tu.

Vyombo vyenye amplifaya za kubadilishwa huhitaji uangalifu wa pekee. Namba ya sauti inayoonekana kwenye kioo haisemi ni desibeli ngapi zinazofika sikioni. Namba 40 iliyokuwa ya wastani kwa hedifoni nzito yaweza kuwa ya hatari kwa spika ndogo. Baadhi ya spika hizo hufikisha zaidi ya desibeli 100 kwa elfu moja ya wati tu, ilhali amplifaya za hedifoni kubwa hutoa mamia ya kiasi hicho.

Kwa hiyo kila baada ya kubadilisha kipande au spika, inafaa sauti ishushwe hadi chini kabisa, spika zivaliwe, kisha sauti ipandishwe pole pole. Mlio unaobaki masikioni baada ya kusikiliza ni dalili kwamba kikomo kimepitwa. Seli zenye vinyweleo katika sikio la ndani, zinazogeuza mitetemo kuwa ishara za neva, hazioti tena zikifa.

Kwa mwenye fedha za kutumia, mpangilio wa kufuata ni rahisi. Kwanza itafutwe rekodi nzuri, iliyonakiliwa na mtu anayejua kazi. Pili, zinunuliwe spika zinazoketi sawasawa masikioni na kuzuia kelele. Tatu, ichaguliwe amplifaya inayozifaa spika hizo, hata kama ni ile ndogo iliyo ndani ya simu. Kipande cha ziada kinaweza kusubiri mpaka ipatikane hedifoni inayokihitaji kweli.